Dini yako si bidhaa: nani aliyekuchagulia sheikh?



Ndugu yangu, dada yangu, swali la leo ni jepesi kuuliza. Yule sheikh unayemsikiza sana kwenye simu, yule ambaye kila ukifungua TikTok au YouTube yupo, nani aliyekuchagulia? Ni mzazi wako? Ni maalim wako wa madrasa? Ni imamu wa msikiti wa mtaani kwenu? Ama ulimtafuta mwenyewe, ukauliza amesoma wapi, kwa nani, na watu wa kwao wasema nini juu yake?

Wengi wetu tukijibu kwa haki, jibu ni moja: alijitokeza tu. Ulikuwa unapitisha kidole, video ikaja, ukatulia kidogo. Kesho yake zikaja mbili. Baada ya mwezi ushakuwa mwanafunzi wake, na mtu akimkosoa unamjia juu kama amekutukania mama.

Sasa sikiza. Kwenye simu hakuna kitu kinachojitokeza tu. Kila video ya kwanza unayoiona ukifungua simu imechaguliwa, tena imechaguliwa kwa ajili yako wewe, si ya ndugu yako mnayelala naye chumba kimoja. Aliyechagua ni mashine, na mashine ina mwenyewe, na mwenyewe hakuifunza ikupeleke Peponi. Ameifunza ikuweke hapo usiondoke, kwa sababu kila dakika unayokaa kuna tangazo linauzwa.

Nataka tuelewane vizuri namna inavyofanya kazi. Huwezi kupigana na kitu usichokijua, na wakubwa wetu wengi wanapigana nacho kwa kusema "wacheni simu" basi, wamemaliza.

Mashine yafanya kazi mbili.

Ya kwanza ni kukutazama. Ulikaa sekunde ngapi kwenye video. Uliirudia ama uliipita mbio. Uliifungua saa ngapi. Ulimtumia nani. Uko mtaa gani. Haingoji ubonyeze laiki. Kule kutulia kwako tu ushaijibu.

Ya pili ni kusoma maana. Zamani kompyuta ilikuwa inatafuta herufi basi. Ukiandika "swala" yaweza kukuletea swala wa mbugani na swala ya Alfajiri pamoja, haijui tofauti. Siku hizi inatazama neno linatembea na majirani gani. Swala ikiwa karibu na udhu, kibla na adhana, mashine yaelewa hii ni ibada. Ikiwa karibu na simba na mbuga, yaelewa huyu ni mnyama. Kila neno hugeuzwa kuwa orodha ya namba, na maneno yanayotembea pamoja huwekwa jirani, kama nyumba kwenye ramani. Video, picha na sauti pia huwekwa kwenye ramani hiyo hiyo.

Halafu zile kazi mbili hukutana. Mashine yachukua ulichokaa ukakitazama, yachukua maana yake, na wewe mwenyewe yakuweka kwenye ramani. Hukujaza fomu ya kusema mimi ni Muislamu. Lakini umeweka programu ya adhana. Ijumaa saa saba mchana simu yako imetulia mahali pamoja na simu nyingine mia tatu. Mwezi wa Ramadhani uko macho saa kumi usiku. Unatafuta bei ya mbuzi wiki moja kabla ya Idi kubwa. Walai, hata jirani yako hajui dini yako kwa uhakika kama huo.

Nisiwe mkali bila haki. Kitu hiki kina faida yake. Kuna kijana Moyale ambaye hana maktaba karibu, leo anasikiza tafsiri ya Qur'ani kwa lugha anayoielewa. Kuna dada Likoni anauza mabuibui bila kukodisha duka, na wateja anaowapata ni mashine hiyo hiyo iliyowaleta. Sitaki kuambia mtu kwamba simu ni haramu. Nasema kwamba anayekuletea faida akikupima, akikuandika na kukuuza bila wewe kujua, una haki ya kumuuliza.

Na sisi tuna kipimo cha kuulizia. Fungua Sura Al-Hujurat, aya ya 12. Katika aya hiyo moja Mwenyezi Mungu ametukataza mambo matatu kwa mpangilio: dhana nyingi, kupelelezana, na kusengenyana. Itazame hiyo aya kisha itazame mashine. Kwanza yakudhania. Kisha yakupeleleza. Kisha yapeleka habari zako kwa watu nyuma ya mgongo wako. Kitu ambacho mtu na mtu tumekatazwa, kampuni imekifanya ndio biashara.

Tuanze na dhana.

Nimesema mashine yajua maana kwa kutazama majirani wa neno. Basi jiulize: majirani wa maneno yetu ni nani aliyewaandika? Neno "Muislamu" kwenye intaneti ya Kiingereza limeandikwa zaidi na nani, tangu Septemba 2001 mpaka leo? Si mama yako. Si maalim wako. Ni magazeti ya vita, ni taarifa za polisi, ni watu wanaotuchukia. Mashine ikisoma hayo yote, kwenye ramani yake jina letu limejengwa mtaa mmoja na bomu.

Hii si hadithi ya maskani. Mwaka 2021 watafiti Abubakar Abid, Maheen Farooqi na James Zou walichapisha walichokipata kwenye GPT-3, mashine ya lugha ya kampuni ya OpenAI. Walikuwa wanaipa mwanzo wa sentensi, Waislamu wawili wameingia mahali, kisha wanaiachia imalize yenyewe. Mara 66 kati ya 100 iliimalizia kwa maneno ya vurugu. Wakibadilisha dini wakaweka nyingine, hesabu ilishuka sana. Hakuna aliyekaa akaiambia mashine "wachukie Waislamu". Iliokota tu kwa majirani.

Oktoba 2023, vita vya Gaza vimeanza, watu wakagundua jambo kwenye Instagram. Mtu ameandika kwenye wasifu wake kwamba ni Mpalestina, ameweka bendera, ameandika alhamdulillah kwa Kiarabu. Ukibonyeza tafsiri ya Kiingereza, mashine ilikuwa inaongeza neno "magaidi" hapo. Alhamdulillah! Neno unalolisema ukipiga chafya. Meta waliomba radhi, wakarekebisha. Lakini wewe umeelewa sasa lile neno lilitoka wapi. Lilikuwa jirani.

Chukua na neno shahidi. Machi 2024 bodi iliyoundwa na Meta yenyewe kuchunguza maamuzi yake ilisema kwamba hilo neno la Kiarabu limefanya maandishi mengi yafutwe kwenye mitandao yao kuliko neno lingine lolote, na kwamba namna walivyolichukulia ilikuwa inanyamazisha mamilioni ya watu. Kwa Kiarabu lina maana nyingi. Kwa Kiswahili kila siku mtu anaitwa mahakamani kuwa shahidi, na kila ndoa yetu ina mashahidi wawili. Lakini aliyeweka kanuni alikuwa anajua maana moja tu, ile inayomtisha.

Utaniambia hiyo ni ya huko kwao. Haya, turudi nyumbani. Kenya twaijua dhana hii bila kompyuta. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Islii, walikamatwa na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa. Walikuwa wamefanya nini? Wengi hawakuwa wamefanya lolote. Walikuwa na sura fulani, jina fulani, na walikuwa wanaishi mtaa fulani. Wanubi wa Kibera na vijana wa Garissa wamekulia na kuchujwa zaidi ya wenzao ili wapate kitambulisho tu. Huo wote ni upangaji wa watu kwa alama. Tofauti ni kwamba wa Kasarani uliuona kwa macho. Picha zilipigwa, mama walilia, mawakili walikwenda, kelele zikapigwa. Wa kwenye simu hauoni. Umewekwa kwenye fungu na hujui jina la fungu lenyewe.

Tuje kwa upelelezi.

Muslim Pro ni programu ambayo wengi wenu mnayo, ya nyakati za swala na kibla. Wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani. Novemba 2020 waandishi wa Motherboard huko Marekani walifichua kwamba habari za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zinafika kwa kampuni inayoitwa X-Mode, dalali wa habari za watu, na kwamba X-Mode ilikuwa inauzia wakandarasi, na kupitia kwao jeshi la Marekani. Muslim Pro walikana kwamba wao waliuzia jeshi, lakini walitangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilipiga marufuku X-Mode na kampuni iliyoirithi, Outlogic, kuuza habari za watu kuwa katika sehemu nyeti, na nyumba za ibada zimo.

Isome tena polepole. Mtu amefungua simu kutafuta kibla. Anataka kujua aelekee wapi ili amuabudu Mola wake. Na pale pale alipoelekea Makka, mahali alipo pakaenda kwa dalali. Mimi sijui kitu kingine kinachoeleza zama zetu vizuri kama hicho.

Wakati wa kuziweka hizi programu wengi hubonyeza "kubali" bila kusoma, na kampuni zategemea hilo. Yale masharti yameandikwa marefu makusudi, tena kwa Kiingereza cha mawakili. Ridhaa ya namna hiyo hata muuza samaki wa sokoni angeona haya kukuambia mmekubaliana.

Na kusengenya?

Ukifungua ukurasa wa intaneti wenye matangazo, kabla haujamaliza kufunguka, mnada unapigwa. Kama mnada wa ng'ombe wa Garissa, ila huu waisha kabla hujapepesa jicho, na anayenadiwa ni wewe. Habari zako, simu ya aina gani, uko wapi, unapenda nini, zapelekwa kwa makampuni mengi kwa pamoja ili yatoe bei. Atakayeshinda anakuonyesha tangazo. Walioshindwa pia washasikia habari zako. Ndiyo maana kijana aliyekwama kodi ya nyumba akitafuta kazi mtandaoni, matangazo yanayomjia ni kamari na mikopo ya riba. Si bahati mbaya. Umaskini wake pia uko kwenye ramani.

Watakuambia mambo yamebadilika. Ni kweli, kuanzia Januari 2022 Meta iliondoa uwezo wa mtangazaji kuchagua watu kwa mada zinazohusu dini. Lakini tumeona mashine haihitaji neno "dini". Ina saa yako ya daku, ina Ijumaa yako, ina sauti ya Qur'ani unayolalia. Ukitoa kibao mlangoni, nyumba haihami.

Sasa turudi kwa sheikh wako.

Mashine ikishakujua, yatafuta kitu cha kukuweka. Na kitu kinachoweka watu zaidi si elimu. Tunalijua hilo kutoka kwa wenyewe. Facebook kuanzia 2017 ilihesabu alama za hisia, pamoja na ule uso wa hasira, kuwa na uzito mara 5 ya laiki ya kawaida. Yaani chapisho lililowakasirisha watu lilisukumwa mbele kuliko lililowapendeza. Habari hizo zilitoka 2021, nyaraka za ndani zilipovuja kupitia Frances Haugen aliyekuwa mfanyakazi wao. Kampuni ilikuwa imeshapunguza uzito wa ule uso wa hasira kidogo kidogo mpaka 2020 ukafika sufuri. Lakini miaka mitatu ya kumwagia petroli ni mingi.

Basi fikiria sheikh wa kweli mbele ya mashine hiyo. Ameulizwa suala la talaka. Anasema: masuala haya yana ikhtilafu, njoo na mkeo tukae, nisikie pande zote. Nani atatulia kutazama hiyo? Mwingine anafungua video akipiga kelele: fulani ni mzushi, fulani amepotea, na anayemfuata amepotea! Hiyo utaitazama mpaka mwisho, hata kama humkubali, hata kama unatazama ili umjibu. Mashine haitofautishi kukubali na kukasirika. Imeona umetulia, yaleta nyingine.

Matokeo yake ndiyo haya. Nyumba moja, watoto wa mama mmoja. Huyu mashine imemlisha Maulidi ni bid'a miezi sita. Yule imemlisha wanaokataa Maulidi hawampendi Mtume, miezi sita hiyo hiyo. Siku ya kukutana mezani hawazungumzi tena, wanarushiana vipande vya video. Kuandama kwa mwezi kumekuwa vita vya maoni kila mwaka, vijana wanatukana wazee waliowasomesha alifu. Na wale wawindaji wa vijana, wa kila namna, wanaomtafuta kijana mpweke, mwenye uchungu wa kukamatwa bure, asiye na kazi, barabara yao ni hiyo hiyo. Mashine inayojua nani ana uchungu na kumpa zaidi ya kinachomuuma inawafanyia nusu ya kazi. Halafu siku kijana akipotea, anayeulizwa ni mama yake na imamu wa mtaa. Kampuni haiulizwi.

Hapa ndipo nawaudhi baadhi yenu, na mnisamehe. "Mimi sina cha kuficha." Nimesikia sentensi hii kila nilipolizungumza jambo hili, na aghalabu anayeisema ni kijana ambaye rafiki yake ashawahi kusimamishwa barabarani kwa sababu ya kanzu. Huyo rafiki alikuwa anaficha nini? Hakuficha kitu. Tatizo halikuwa alichokificha. Tatizo lilikuwa alichodhaniwa. Katika nchi ambayo jina lako limewahi kutosha kukuchelewesha kitambulisho, kusema huna cha kuficha ni kumkabidhi mtu kamba na kumwambia nakuamini.

Na wazee wetu wanaosema "wacheni simu", kwa heshima zote, shikamooni, lakini hiyo si jawabu. Bodaboda anapata abiria kwenye simu. Mwanafunzi anapata matokeo kwenye simu. Hata harambee ya msikiti siku hizi inatangazwa kwenye simu. Mtu haambiwi ahame mji kwa sababu una wezi. Anaambiwa tufunge milango na tuwaite waliopewa kazi ya ulinzi.

Na ulinzi upo kwenye vitabu, ila haudaiwi. Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa imani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeiweka imani katika fungu la habari nyeti, pamoja na afya na familia. Kifungu cha 26 chakupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa vipi, kuziona, kukataa zisitumiwe, na kutaka za uongo zisahihishwe au zifutwe. Kifungu cha 35 chasema usifanyiwe uamuzi mzito na mashine peke yake, hata ule wa kukupanga kwenye mafungu. Kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na malalamiko yako yanatakiwa yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Usiniambie haifanyi kazi. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 baada ya watu kulalamika kwamba namba zao zilichukuliwa kwa watu wengine na wakasumbuliwa kwa simu na ujumbe wa vitisho. Waliolalamika walikuwa watu wa kawaida. Ila ni kweli sheria ina tundu lake: kifungu cha 51 kimeachia mambo ya usalama wa taifa mlango. Na sisi tunajua ni nani husimama mbele ya mlango huo kila unapofunguliwa. Ndiyo sababu zaidi ya kuhakikisha kwamba habari zetu hazikusanywi ovyo tangu mwanzo. Ghala tupu haliporwi.

Kwa hivyo tunadai nini?

Kwa Kamishna wa Data: tunataka programu za swala, kibla, Qur'ani na madrasa zinazotumika Kenya zichunguzwe, na matokeo yatangazwe hadharani kwa Kiswahili. Zinakusanya nini, zinampa nani, zinakaa nazo muda gani. Imani imeandikwa kwenye sheria kuwa habari nyeti, basi na ilindwe kama habari nyeti.

Kwa makampuni ya mitandao: tunataka kila mtumiaji Mkenya aweze kuona, kwa lugha anayoielewa, mashine imemweka kwenye fungu gani na kwa nini video hii imemjia. Na maneno yetu ya dini yasihukumiwe na mtu au mashine isiyojua Kiswahili, Kiarabu wala Kisomali.

Kwa kamati za misikiti na madrasa: kabla hamjachukua programu ya bure ya kusajili watoto au kukusanya sadaka, ulizeni mwenye nayo maswali matatu kwa maandishi. Habari hizi zitakaa wapi? Nani mwingine atazipata? Tukitaka zifutwe, zitafutwa? Akisitasita, mshukuruni mumwambie kwaheri. Orodha ya watoto wetu ni amana.

Na wewe unayesoma hapa, kazi yako ni wiki hii, si siku moja inshallah.

Fungua mipangilio ya simu yako usiku wa leo. Angalia ni programu ngapi zinajua mahali ulipo muda wote. Ya kibla yahitaji kujua unapoitumia tu, basi. Zima zilizobaki. Zima matangazo yanayofuata tabia yako kila mahali unapopewa nafasi ya kuzima. Futa historia ya ulivyovitazama, uone mashine inavyotapatapa siku mbili tatu kama haikujui.

Chagua programu moja ya dini uliyo nayo, waandikie wenyewe barua pepe. Sema: kwa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, naomba kujua habari gani mnazo juu yangu na mmempa nani. Sentensi moja. Wasipokujibu, hifadhi ushahidi na utuandikie hapa kwenye ukurasa. Mlalamishi mmoja hupuuzwa. Mia mbili wenye barua zile zile na tarehe zile zile watapewa chumba cha mkutano.

Halafu lile la mwisho, ambalo hakuna kamishna wala mahakama itakufanyia. Mtafute sheikh mwenye miguu. Namaanisha mtu unayeweza kumfuata mpaka mlangoni, anayekujua jina, aliyemjua babako, ukikosa darasa wiki mbili anauliza uko wapi. Msikize na yule wa kwenye simu ukitaka, lakini mpime kwa huyu, usimpime huyu kwa yule. Elimu yetu ilisafiri Lamu, Mombasa, Unguja na Hadhramaut mtu akipokea kwa mtu, na kila mmoja akiweza kukutajia aliyemsomesha. Muulize wa kwenye simu nani alimpitisha mbele yako. Ikiwa jibu ni mashine ya matangazo, basi huo ndio mnyororo wake, na wewe umejifunga nao.

Najua chapisho hili halina mtu wa kumtukana. Mashine hailipendi, na huenda wenzako wasilione kabisa. Basi lipeleke kwa mkono. Lisome barazani baada ya Isha. Mtumie mmoja mmoja, mweleze kwa nini unamtumia.

Dini yetu si bidhaa, na sisi si kundi la kunadiwa. Mola atuhifadhie dini yetu, familia zetu na siri zetu, na atujaalie tuwe wenye kuhakikisha kabla ya kuamini. Amin.

Wabillahi tawfiq.

#DiniYanguSiBidhaa